Utumbo haukusafika: nusu ya pili ya dawa inywewe siku ya kipimo

Swali: Habari daktari. Mimi ni mama wa miaka 57, naishi Makorora, Tanga. Nina sukari, choo hupata baada ya siku tatu au nne, na tangu mwaka jana kila nikipimwa naambiwa damu ni pungufu, natumia vidonge vya chuma, Fefo. Daktari akaniandikia kipimo cha kamera cha utumbo mpana, nikaenda kufanyiwa Dar es Salaam, ambako nina binti anayeishi Tabata. Dawa ya kusafisha, lita 4, niliinywa yote nyumbani kuanzia saa 12 jioni, nikamaliza saa 3 usiku, kwa sababu basi langu lilikuwa la alfajiri na niliogopa kuaibika njiani. Siku mbili kabla sikula kitu cha maana, zaidi ya mbaazi kidogo na chai. Kipimo kilifanyika saa 8 mchana. Nimerudi na karatasi imeandikwa "Boston 1-2-2, kirudiwe". Nilikosea wapi? Safari ijayo nikichanganya na sanamaki au mafuta ya nyonyo patasafika? Na kama sehemu mbili kati ya tatu zilikuwa safi, kuna haja kweli ya kurudia?

Jibu: Shikamoo mama, na pole sana. Nauli ya kwenda na kurudi, usiku mzima chooni, halafu unarudi nyumbani na neno "kirudiwe". Inavunja moyo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nataka safari ya pili iwe ya mwisho.

Nianze na swali lako la mwisho. Haja ya kurudia ipo, na kwa hali yako usikawie.

Ile Boston 1-2-2 ni alama za usafi, utaratibu uliotangazwa mwaka 2009 na sasa unatumika sehemu nyingi duniani. Utumbo mpana tunaugawa mara tatu, kulia, katikati na kushoto, na kila sehemu inapewa alama kuanzia 0 hadi 3. Sifuri ni kinyesi kimejaa, ukuta wa utumbo hauonekani. Moja, ukuta unaonekana kwa vipande na kwingine umefunikwa. Mbili, kuna mabaki machache lakini ukuta unaonekana vizuri. Tatu, pako safi kabisa. Haitoshi jumla kuwa nzuri. Kila sehemu inatakiwa ipate angalau 2. Alama ya kwanza huwa ni ya upande wa kulia. Kwa hiyo katikati na kushoto ulikuwa sawa, na uchafu ulibaki kulia.

Na kulia ndiko ambako mimi ningetaka kuona vizuri kuliko kwingine kote, kwa sababu ya hiyo damu yako. Mwanamke ambaye hedhi imeshakoma na damu yake inapungua kwa kukosa madini ya chuma, lazima tujiulize chuma kinapotelea wapi, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni tumboni. Uvimbe wa upande wa kushoto mara nyingi hujitangaza: mtu anaona damu kwenye choo, au choo kinabadilika. Wa kulia unaweza kukaa kimya. Unavuja kidogo kidogo, damu inachanganyika na kinyesi ambacho huko bado ni majimaji, na mwenyewe haoni kitu zaidi ya kuchoka na kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Isitoshe, baadhi ya vinyama vinavyoota upande huo ni bapa, vina rangi ileile ya ukuta, na hujifunika ute wao wenyewe. Hata utumbo ukiwa safi vinahitaji jicho la utulivu. Ukiwa na alama 1, hakuna daktari anayeweza kukuapia kwamba hakuna kitu.

Sisemi una saratani, mama. Damu hupungua kwa sababu nyingi, na kwetu pwani safura bado ipo, kwa hiyo kama hujapimwa choo kwa ajili ya minyoo, omba kipimo hicho hapohapo Tanga wakati unasubiri. Ninachosema ni kwamba karatasi uliyo nayo haijajibu swali lililokupeleka. Wanaopimwa bila dalili yoyote, utumbo usiposafika, wanashauriwa kurudia ndani ya mwaka mmoja. Wewe una dalili. Omba tarehe ya wiki chache, usikubali kusukumwa hadi mwakani.

Sasa ulikosea wapi. Dawa uliinywa yote, na njaa uliivumilia kuliko ilivyohitajika. Kilichoharibu ni saa. Ulimaliza dawa saa 3 usiku, kamera ikaingia saa 8 mchana. Hapo katikati kuna saa 17.

Watu wengi wanafikiri utumbo ukishaoshwa unabaki safi mpaka mtu ale tena. Sivyo. Hata ukilala na njaa, ini linaendelea kumwaga nyongo, kongosho linamwaga majimaji yake, utumbo mwembamba unatoa ute, na vyote hivyo vinateremka usiku kucha. Mahali vinapoingilia kwenye utumbo mpana ni upande wa kulia, chini, karibu na kidole tumbo. Huenda saa 5 usiku ulikuwa safi kabisa. Wakati basi linapita Segera na Chalinze, upande wa kulia ulikuwa unapakwa upya. Tunachokiona kwenye skrini kwa mtu wa namna hiyo ni utando wa manjano unaoelekea kahawia, mzito, umeng'ang'ania kwenye mikunjo kama ukoko wa uji chini ya sufuria. Tunapuliza maji kupitia kamera, tunafyonza, kipande kinang'oka na nyuma yake kipo kingine. Dakika ambazo zingekuwa za kutazama zinaishia kwenye kuosha, na mwisho wake unaandikiwa 1.

Dawa yake ni kugawa dozi. Nusu inanywewa jioni ya kuamkia kipimo, nusu ya pili inanywewa siku yenyewe ya kipimo, ikianza saa 4 hadi 6 kabla ya muda uliopangiwa na kwisha angalau saa 2 kabla. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2019 na ya Marekani ya mwaka 2014 na 2025 inasema hivyo, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba dozi iliyogawanywa inasafisha vizuri zaidi kuliko ileile ikinywewa yote usiku, na vinyama vingi zaidi vinaonekana. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika maandalizi ya wagonjwa wangu, ningebadilisha hili na mengine ningeyaacha yalivyo.

Wengine huogopa kwamba kunywa asubuhi kutamletea mtu matatizo kwenye dawa ya usingizi. Majimaji maang'avu hutoka tumboni haraka, ndiyo maana mpaka umewekwa kuwa saa 2 kabla ya kipimo. Ila dawa zinazochelewesha tumbo kumwaga chakula, mfano zile sindano mpya za sukari na za kupunguza uzito zinazochomwa mara moja kwa wiki, zinabadilisha hesabu hiyo, kwa hiyo ukiwa unatumia chochote cha aina hiyo kitaje mapema.

Hapo linakuja tatizo lako la kweli, ambalo ni basi. Mtu wa Upanga, hapohapo Dar, anaweza kunywa nusu ya pili nyumbani kwake akaingia hospitali baada ya saa mbili. Mtu wa Tanga hawezi kunywa dawa ya kuendesha halafu akakaa kwenye basi njia nzima hadi Dar, na hakuna mtu anayepaswa kumwambia afanye hivyo. Kwa hiyo dawa yote inywewe Dar. Umetaja kwamba una binti anayeishi Tabata. Panda basi la asubuhi siku moja kabla, ukiwa umekula chakula chepesi nitakachokueleza, na dawa ikiwa kwenye mkoba haijafunguliwa. Mchana uwe umeshafika kwake. Wanaokwenda kupimwa Moshi nao wafanye vilevile. Asiye na ndugu wa kumpokea atafute nyumba ya wageni karibu na hospitali yenye choo ndani ya chumba. Najua ni gharama. Ni ndogo kuliko ya safari ya tatu.

Tuchukue kwamba utapangiwa tena saa 8 mchana. Saa 12 jioni unaanza lita 2 za kwanza, kikombe cha robo lita kila dakika 10 hadi 15, saa 2 usiku umemaliza. Ukitulia, unalala. Asubuhi saa 2 unaanza lita 2 za pili kwa mwendo uleule, saa 4 umemaliza. Maji au chai ya rangi unaweza kuendelea kunywa hadi saa 6 mchana, kisha unafunga kinywa kabisa. Kwa wengi, ndani ya saa mbili hivi baada ya kikombe cha mwisho tumbo huwa limetulia kiasi cha kupanda gari, ila jiwekee kitambaa na nguo ya kubadilisha. Ukipangiwa saa 4 asubuhi, nusu ya pili inaanza saa 11 alfajiri na inakwisha saa 1, na saa 2 kamili unaacha kunywa chochote. Wapo wanaokataa kuamka alfajiri kwa ajili ya dawa. Kama umezoea kuamka kwa ajili ya swala ya alfajiri au daku, hilo halitakushinda. Hata hivyo kwa mtu anayetoka mbali saa za mchana ni bora, na una haki ya kuziomba unapopanga tarehe.

Kuhusu chakula, ulijinyima pasipohitajika na ulichokula ndicho usingekula. Njaa ya siku mbili haisafishi utumbo. Mbaazi chache ulizokula ziliacha maganda, na maganda hayayeyushwi na dawa yoyote. Kamera ina mfereji wa kufyonza wenye upana wa milimita 4 hivi. Ganda la mbaazi likinasa hapo, kazi inasimama tunazibua.

Kwa watu wengi inatosha kula chakula kisicho na makapi siku moja tu kabla ya kipimo. Kwa kuwa wewe safari iliyopita haukusafika, una sukari na unasema hupata choo baada ya siku tatu au nne, nakushauri siku tatu. Kula wali mweupe, mkate mweupe, tambi, viazi vilivyomenywa, mayai, samaki wa kuchemsha au wa kukaanga kidogo, changu au kolekole, kuku bila ngozi. Wali wa nazi hauna shida kama tui limechujwa vizuri bila machicha. Weka kando mbaazi, maharage, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, matembele, bamia, mahindi, ugali wa dona, mihogo yenye nyuzi, karanga, korosho na ufuta. Matunda ya mbegu ndogo, mapera, mapasheni, matikiti, pamoja na nyanya na mbegu zake, yasubiri. Machungwa ya Muheza yakamue na uchuje, usile nyama yake.

Siku moja kabla, kula kifungua kinywa na chakula chepesi cha mchana katika hivyo, ukishamaliza usile tena kigumu. Kuanzia hapo ni majimaji maang'avu: maji, chai ya rangi yenye tangawizi iliyochujwa, kahawa isiyo na maziwa, supu ya kuku iliyochujwa kwa kitambaa ibaki maji matupu, juisi ya tufaha, maji ya ORS. Madafu nayo yanafaa ukiondoa nyama yake, ila yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye figo dhaifu asiyatumie. Maziwa na uji havimo. Sharubati nyekundu, ubuyu na juisi ya choya zikae pembeni, maana rangi yake ikibaki ndani inaweza kudhaniwa ni damu. Na usinywe maji matupu lita kwa lita ukidhani unasaidia. Chumvi ya mwili inaweza kushuka kwa hatari. Badilisha na supu na ORS.

Sasa Fefo. Hii nadhani hukuambiwa, na ni kosa la sisi tunaoandika maelekezo. Vidonge vya chuma vinafanya kinyesi kiwe cheusi na cha kunata, kinagandamana na ukuta, na huongeza ugumu wa choo. Viache siku 7 kabla ya kipimo. Wiki moja bila Fefo haitakuumiza.

Choo chako cha baada ya siku tatu au nne mwambie daktari atakayekuandikia dawa, usingoje aulize. Mtu wa namna hiyo anaingia kwenye maandalizi akiwa na mzigo wa wiki nzima ndani, na lita 4 zinatumika kusukuma mzigo huo badala ya kuosha ukuta. Daktari anaweza kukupa dawa nyepesi ya kulainisha choo kila siku kwa siku kadhaa kabla, au vidonge vya bisakodili jioni ya kwanza. Sukari yenyewe, ikikaa muda mrefu, inaathiri mishipa ya fahamu ya utumbo na kuufanya uvivu. Na kama unatumia amitriptilini kwa ajili ya ganzi na moto wa miguu, wenye sukari wengi hupewa, nayo inafunga choo. Vidonge vya maumivu makali kama tramadoli na vya kodeini ni hivyohivyo. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako; zitaje tu, ili maandalizi yapangwe kwa kuzijua.

Dawa za sukari zinahitaji mazungumzo yake peke yake. Siku unayokunywa majimaji tu, glibenklamidi au insulini ya dozi ya kawaida inaweza kukuangusha. Kuacha insulini kabisa nako ni hatari. Omba daktari akuandikie kwenye karatasi, dawa moja moja: hii unywe, hii upunguze, hii uiruke, siku moja kabla na siku yenyewe. Kama una mashine ya kupimia, pima mara kwa mara kuliko kawaida, na usiku ukiamka kwenda chooni pima. Ikishuka chini ya 4, au ukihisi kutetemeka na jasho baridi, kunywa chai ya rangi yenye sukari nyingi au juisi ya tufaha mara moja. Kipimo hakiharibiki kwa hilo. Kama unatumia vidonge vya presha, uliza hasa kuhusu vile vya kukojoza, kwa sababu mwili utakuwa unapoteza maji. Na mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache wala asizinywe bila kauli ya daktari.

Umeuliza sanamaki na mafuta ya nyonyo. Mama, acha vyote viwili safari hii. Sanamaki ni dawa kweli, hata vidonge vya hospitali vipo vinavyotengenezwa kutokana na mmea huo, na kuna wagonjwa tunaowapa kwa kipimo maalumu. Ila majani ya kuchemsha nyumbani hakuna anayejua nguvu yake, na ukiyaweka juu ya lita 4 unaweza kupata msokoto mkali na kuishiwa maji. Mafuta ya nyonyo yanauchokoza utumbo ujikamue. Yanasukuma, hayaoshi. Zamani ndiyo yaliyotumika, pamoja na enema, yaani dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, na siku kadhaa za kushinda na maji. Mwaka 1980 watafiti wa Dallas, Marekani, akiwemo John Fordtran, walitangaza mchanganyiko wa makrogoli na chumvi uliobadilisha kazi hii, na unga uliounywa wewe huenda ni mjukuu wake. Makrogoli haifyonzwi na mwili. Inashika maji na kushuka nayo hadi nje, na chumvi zilizomo zimepimwa ili mwili usipoteze wala usiongeze. Ndiyo maana lazima uwe mwingi. Na ndiyo maana unakorogwa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa, bila kuongeza sukari wala soda.

Kuna atakayekushauri ununue dukani ile chupa ndogo ya fosfeti kwa sababu ni ya kunywa kidogo. Usikubali. Imeshawaharibu watu figo, na mwenye sukari wa umri wako yumo kwenye kundi la kuogopewa. Enema nayo inasafisha upande wa kushoto tu, ambao wako haukuwa na shida.

Katika kunywa kwenyewe, dawa iliyokaa kwenye friji inapita kooni vizuri zaidi. Tumia mrija, uupeleke nyuma ya ulimi, kisha nyonya kipande cha ndimu baada ya kila kikombe. Tembeatembea ndani ya nyumba, kukaa kitako kunaleta kujaa. Kichefuchefu kikikukamata, simama dakika 30, kisha endelea taratibu. Kuchelewa kidogo kuna nafuu kuliko kutapika dawa ukaipoteza. Saa ya kwanza inaweza kupita bila kitu, usiogope wala usiongeze kasi.

Choo nacho kifikirie mapema. Kwa mtu wa miaka 57 mwenye sukari, kuchuchumaa mara kumi na kitu usiku mmoja ni kazi, na mwili ukipungua maji ukiinuka ghafla unaona giza. Kama choo cha kwa binti yako ni cha uani, taa iwashwe usiku kucha, sakafu ikaushwe, kandambili zisizoteleza ziwe mlangoni, na awepo mtu wa kukusikia ukiita. Kiti cha choo cha kuazima kwa jirani aliyeuguza mzee kinasaidia sana. Osha kwa maji, futa kwa kitambaa laini, na jipake mafuta ya mgando tangu mwanzo, kabla ngozi haijachubuka.

Utajuaje kwamba umesafika? Mwishoni pata choo mara moja kwenye beseni jeupe, uangalie. Yanayotakiwa ni maji ya manjano mepesi, yanapitisha mwanga, chini ya beseni panaonekana. Vijinyuzi vichache si neno. Yakiwa ya kahawia, au mazito kiasi kwamba huoni chini, bado. Nusu ya pili isiachwe hata kama baada ya ya kwanza maji yameshakuwa safi. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, wanaona safi saa 4 usiku wanamwaga iliyobaki. Ile ya asubuhi ina kazi yake, ni ya kuondoa kinachoteremka usiku.

Ukimaliza yote na bado maji ni ya kahawia, usikae kimya kwa kuona haya. Piga simu kitengo, au mwambie muuguzi anayekupokea kabla hujalala kitandani: "Bado sijasafika, yanatoka hivi." Mara nyingi inawezekana kukuongezea dawa na kukusogeza saa chache mbele, au kukufanyia kesho yake. Muuguzi atakushukuru. Ni afadhali hivyo kuliko kamera iingie halafu itolewe.

Tumbo likivimba na kuuma sana bila choo kutoka, ukitapika mfululizo, ukizimia, ukichanganyikiwa au kifua kikibana, acha dawa na uende hospitali iliyo karibu, usingoje saa ya kipimo.

Binti yako aende nawe na arudi nawe. Dawa ya usingizi inakuacha mzito hata kama unajiona mzima, na usipande basi la kurudi Tanga jioni ileile, lala kwake usiku mmoja zaidi. Kabla hamjatoka hospitali, naye awepo kusikia, uliza mambo mawili: alama za Boston safari hii ni ngapi, na je, kamera ilifika hadi mwisho wa upande wa kulia, mahali tunapoita sekamu? Majibu hayo yaandikwe kwenye ripoti, na ripoti uitunze. Kama pako safi na hakukuonekana kitu, swali la damu bado halijafungwa: omba kipimo cha kamera ya kupitia mdomoni, kuangalia tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba, kama hakijafanyika. Ukiomba mapema, kuna mahali wanafanya vyote viwili siku moja, ukaokoa safari. Chakula unakula kama kawaida ukishaamka vizuri, ukianza na chepesi, dawa za sukari unarudi nazo pamoja na chakula, na Fefo unaanza tena kesho yake, isipokuwa daktari aliyekufanyia kipimo akuambie vinginevyo.